Mbwa wa Isamilo na Josho la Busisi

Isamilo, Mwanza
12 Machi 1995

Babu yangu Ndalahwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kuuma, na bibi ameacha ule ubishi wa kwenda kisimani mwenyewe. Huku sijambo. Mvua zimegoma, joto linatukaanga. Mama mdogo Rose wa Nyegezi amejifungua mtoto wa kiume Ijumaa iliyopita, wote wazima, na ameniagiza nikuambie mtoto ana masikio yako. Pole kwa mtoto.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti. Yule daktari Mzungu wa mifugo niliyekuwa nafanya kazi za ndani kwake amemaliza mkataba, amerudi kwao na mkewe. Nikajua basi, nafunga mzigo, navuka kivuko cha Kigongo narudi nyumbani. Kumbe wapi! Mkewe alikuwa amenifundisha kutunza mbwa wao wawili: kuosha, kuchana manyoya, kukata kucha, kusafisha masikio, kunyoa wakati wa joto. Siku ya kuondoka alinikabidhi mikasi miwili, machanuo na mashine ya kunyolea ya mkono, akaniambia, "Odeta, hii ni kazi kamili, kwetu watu wanaisomea." Wiki haikuisha, majirani wenye mbwa wakaanza kunigongea.

Basi nimethubutu. Bi Lata, mke wa Jitesh mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amenipangisha uani kwake. Pana bomba, pana sakafu ya saruji ya kufulia, pana kivuli cha bati. Sitaki tena kuitwa "dada wa kazi". Nataka nisimame mwenyewe, babu, nataka sana.

Najua unacheka. Cheka, ukimaliza unijibu jambo moja: bei. Nitoze kiasi gani? Simjui mwingine mjini hapa anayefanya kazi hii ambaye ningeweza kumuuliza. Wewe umeogesha ng'ombe kwenye josho miaka ishirini na saba. Hakuna mwingine katika ukoo anayejua kuosha mnyama wa mtu.

Mjukuu wako,
Odeta


Busisi
2 Aprili 1995

Kwa mke wangu mdogo Odeta,

Marahaba. Sisi tupo. Bibi yako bado anakwenda kisimani, sasa anakwenda nikiwa nimelala. Goti ni lile lile. Pamba imeota vibaya, mahindi yamekata tamaa. Wabeja, asante kwa habari za mtoto, na masikio yangu yaache kama yalivyo, ndiyo yaliyompata bibi yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani umeiandika ukiwa na homa. Mbwa anaogeshwa? Anachanwa? Anakatwa kucha? Mbwa wa huku anaogeshwa na mvua, na mwaka huu mvua yenyewe imemkataa. Haya, dunia imefunguliwa, kila mtu auze anachoweza.

Umeniuliza bei, nisikilize mimi bwana josho. Bei ni moja kwa kichwa. Ndama kichwa, mtamba kichwa, dume kichwa. Josho halina upendeleo. Miaka ishirini na saba hakuna mfugaji hata mmoja aliyeninung'unikia. Ukianza kusema huyu zaidi, huyu pungufu, watakuita mbaguzi na tapeli. Iandike mlangoni, moja, ionekane na kila mtu.

Sasa jambo zito. Baba yako mdogo Chenge ameanza kununua pamba yake mwenyewe, maana siku hizi si lazima upeleke kwa chama cha ushirika. Anataka mtu wa ukoo wa kusimamia mzani wake, na ametaja jina lako. Mshahara hajautaja, ametaja chakula na pa kulala. Anasema ni aibu binti wa watu kushinda na mbwa wa Wazungu. Mimi ndiye mlezi wako tangu baba yako atutoke, nikakuombea muda. Kikao cha ukoo kitakaa siku mbili baada ya Krismasi. Ikiwa umesimama kwa miguu yako, utabaki Mwanza. Ikiwa unayumba, utarudi kwenye mzani wa Chenge. Hilo nimelikubali mbele ya watu na siwezi kulitengua.

Wakiniuliza unafanya kazi gani nawajibu uko kwenye mifugo. Si uongo.

Babu yako,
Ndalahwa


Isamilo
18 Juni 1995

Babu,

Shikamoo sana. Usinilaumu kwa kuchelewa. Barua yako alipewa Masalu wa lori la pamba, akaiweka kwenye koti, koti akalisahau kwa shemeji yake Geita, mimi nikaja kuipata baada ya wiki sita. Mwambie akirudia nitamnyoa yeye. Bibi nampa pole ya kisima. Mtoto wa Rose amepewa jina la Alexander, analia usiku na mchana, jirani wamehama upande ule wa nyumba.

Bei yako niliifuata ilipofika, babu. Niliandika kwa chaki mlangoni: KICHWA KIMOJA SHILINGI ELFU MOJA MIA TANO. Wiki ya kwanza nilijiona tajiri.

Halafu sikiliza. Bi Winnie wa benki ana kimbwa kidogo, manyoya mafupi, kimetulia. Nusu saa nimemaliza, na kinanishukuru. Bwana Henrik, meneja wa kiwanda kimoja cha samaki, ana dume kubwa lenye manyoya ya kuburuza chini. Halikuchanwa tangu Krismasi. Nyuma ya masikio, makwapani, chini ya mkia, kote yamesokotana mafundo magumu, chanuo haliingii. Nilianza saa tatu asubuhi nikamaliza saa tisa alasiri. Maji ya moto madebe manne, mkaa, sabuni nusu chupa, mkasi ukawa butu ikabidi upelekwe kunolewa. Malipo? Elfu moja mia tano. Kichwa ni kichwa!

Sasa Bi Winnie ameniambia kwa upole kwamba kwa bei hiyo atakiosha mwenyewe kwenye beseni. Ana haki. Bwana Henrik naye amewatangazia rafiki zake wote kwamba kwa Odeta ni bure kabisa. Wanashuka na mijibwa ya kutisha, mingine ina kupe mpaka kwenye kope. Wepesi wananikimbia, wagumu wanamiminika. Nachoka mpaka nalala na viatu, na mwisho wa mwezi Bi Lata alinisubiri kodi siku tisa.

Sijui nakosea wapi. Nafanya kazi kuliko zamani na napata kidogo kuliko nilipokuwa dada wa kazi.

Samahani kwa mwandiko, leo natumia mkono wa kushoto.

Odeta


Busisi
9 Julai 1995

Odeta,

Marahaba. Bibi hajambo, goti usiniulize. Jirani yetu Shimba ameozesha binti yake, tulikula vizuri.

Mkono wa kulia umefanya nini? Mimi nimeishi na wanyama, usinifiche. Mtu haamki asubuhi akaamua tu kuandika kwa kushoto. Kama mbwa amekuuma, nenda hospitali ukachomwe sindano zote mpaka ya mwisho, hata ukijisikia mzima. Mbwa wa meneja naye ana meno.

Kuhusu bei sikuelewi, na nakwambia ukweli umenikasirisha kidogo. Bei moja ndiyo haki. Nami nina vita hiyo hiyo hapa. Josho letu ni kavu mwaka wa pili sasa. Serikali haileti tena dawa, wanasema wafugaji tuchangie. Nimeitisha mkutano mara nne. Nawaambia kila kichwa kitoe sawa. Wenye ndama wanasema hawawezi kulipa sawa na mwenye madume. Wenye madume wanasema wakikaa pembeni hao, wao hawawezi kujaza josho peke yao. Tunagombana mpaka jua linazama, na ndigana, hii homa ya kupe, inaua. Wiki hii ndama saba. Nawaona wakichimba mashimo na najisikia vibaya, mjukuu wangu, maana mimi ndiye bwana josho wao.

Lakini bado nasema bei ni moja. Nitajie basi, kama unajua, nini kinamfanya mbwa huyu awe ghali kuliko yule. Mbwa ni mbwa.

Desemba inakaribia. Chenge ameshanunua mzani.

Ndalahwa


Isamilo
3 Septemba 1995

Babu mpenzi,

Shikamoo. Nimeona barua yako nikacheka, kisha nikalia kidogo. Pole kwa ndama. Kweli, aliniuma. Mbwa wa rafiki wa Henrik, kwenye kiganja, nilipokuwa namkata kucha. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utasema nirudi. Sindano nimemaliza zote, mkono umepona, tazama mwandiko.

Umeniuliza swali, na jibu ninalo. Mwenye kunifungua macho ni Bi Lata. Siku ile ya kodi hakunigombeza. Alileta kigoda, akatundika saa ya ukutani ya dukani kwao kwenye msumari wa uani, akakaa na kikombe chake cha chai siku nzima ananitazama. Jioni akaniuliza, "Binti, wewe unauza maji au unauza saa zako?" Akasema, "Jitesh hauzi misumari na mabati kwa bei moja eti kwa kuwa vyote ni chuma."

Tangu siku hiyo kila mbwa nampima kwa ile saa. Ukubwa kwanza, maana mkubwa anakunywa maji, sabuni na mkaa. Lakini ukubwa siyo mwisho wa habari! Mbwa mkubwa mwenye manyoya mafupi ni saa moja tu, na kadogo ka manyoya marefu kanaweza kunila saa tatu. Kinachoua ni mafundo. Ukiyakata ovyo unakata ngozi, lazima uyafungue kwa vidole, moja moja. Halafu tabia. Mbwa mkali anataka watu wawili, kwa hiyo namlipa Shigela, aliyepunguzwa kazi kiwandani, anishikie. Kupe nazo zina dawa yake na muda wake. Wa kunyolewa si sawa na wa kuoshwa tu. Na nikitakiwa nipande mpaka mtaa wa Capri Point na vyombo vyangu kichwani, miguu yangu nayo inalipwa. Lakini kubwa kuliko yote, babu, ni siku ngapi zimepita tangu aoshwe mara ya mwisho. Anayekuja kila wiki tatu hana mafundo, hana kupe, ameshanizoea, namaliza upesi. Huyo namtoza kidogo na bado napata. Anayeletwa mara mbili kwa mwaka ni vita.

Basi nikafuta ile chaki. Sasa sitaji bei kabla sijaingiza vidole kwenye manyoya.

Jumatatu akaja Bwana Henrik na lile dume. Nikalipapasa, nikamwambia elfu sita. Weee! Akawa mwekundu. "Kichwa kimoja elfu moja mia tano, wewe mwenyewe umeandika!" Nikamwambia, "Bwana, weka mkono wako hapa, nyuma ya sikio. Unasikia hilo fundo? Hilo ni dakika ishirini. Mbwa wako anayo tisa." Akasema kuna watu wengi mjini wa kuosha mbwa kwa mia tano. Nikamjibu, kwa heshima, awapelekee. Akaondoka ametimua vumbi, na rafiki zake wakamfuata.

Leo ni siku ya sita sijaona mbwa hata mmoja. Shigela anafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Naogopa, babu. Usiku nahesabu siku za kufikia kikao. Lakini bei sishushi. Nikiishusha nitakuwa nimerudi kuwa mtumishi, tena wa mbwa.

Odeta


Isamilo
22 Oktoba 1995

Babu, shikamoo, na mbona kimya? Barua yangu ya Septemba umeipata au iko kwenye koti la mtu? Nina wasiwasi. Bibi mzima? Kama nimekuudhi kwa kubishana kuhusu bei, niambie.

Nakuandikia hata hivyo kwa sababu nitapasuka nisipomwambia mtu. AMERUDI! Bwana Henrik! Alimpa lile dume mtunza bustani wake, naye akaliendea na mkasi wa kukatia maua. Alichana mafundo mawili, la tatu akakata ngozi. Mbwa akajificha chini ya gari siku mbili, hali, hanywi, kila anayesogea anaonyeshwa meno. Henrik alikuja mwenyewe kwa miguu, bila gari, maana gari lilikuwa juu ya mbwa.

Nilikwenda na Shigela. Nililala kifudifudi kwenye changarawe ya meneja karibu saa nzima, naongea na mnyama yule Kisukuma, kama wewe unavyowaongelesha ng'ombe wenye hofu. Akatoka. Akaweka kichwa kwenye goti langu. Kidonda tukampeleka kwa daktari wa mifugo kwanza. Siku tisa baadaye akaletwa uani, nikampapasa mbele ya bwana wake, nikasema, "Sasa mafundo ni kumi na manne. Elfu nane."

Akacheka, babu! Akalipa. Halafu akauliza mbona Bi Winnie analipa mia nane tu, maana amerudi Bi Winnie na kimbwa chake. Nikamweleza habari ya wiki tatu. Akafikiri kidogo, akasema basi nimwandike wake, na mbwa wa ulinzi wa nyumba zote za kiwanda. Mbwa kumi na mmoja, kila wiki tatu, kwa karatasi iliyosainiwa! Rafiki zake nao wamerudi mmoja mmoja, wanajifanya walikuwa safarini.

Kodi nimelipa mpaka Machi. Shigela nimemwajiri kamili. Bi Lata ameniachia ile saa kwenye msumari, anasema imeshazoea harufu.

Nakuomba unijibu. Sijui kikao kitasema nini, na kimya chako kinanitisha kuliko mbwa.

Mjukuu wako,
Odeta


Busisi
28 Desemba 1995

Mke wangu Odeta,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua zako zote mbili nilizipata. Sikuwa nimeudhika. Nilikuwa naona haya, na mzee akiona haya anatafuta kazi ya kufanya kwanza.

Ile ya Septemba niliisoma nimekaa ukingoni mwa josho kavu. Nikajiuliza, kwa nini miaka ishirini na saba hakuna aliyeninung'unikia? Nikajijibu: Ndalahwa, pumbavu wee, kwa sababu dawa ilikuwa ya serikali! Kitu cha bure hakina bei, hata kikiwa kimoja kwa wote. Siku mtu anapotoa chake mfukoni ndipo anapotazama anacholipia.

Nikachukua fimbo yangu nikaanza kupita mazizi. Zizi hadi zizi, mwezi mzima, na hili goti. Nimewaambia wenzangu: ndama robo, mtamba nusu, ng'ombe mzima kamili. Anayeleta kila wiki apunguziwe, maana hachafui dawa. Anayeleta wakati kupe zimeshakuwa mafungu aongezewe. Wenye ndama wakasema hilo tunaliweza. Wenye madume walipoona wengi wameingia wakaona fungu lao si kubwa kama walivyoogopa. Jumamosi ya tarehe kumi na moja Novemba tulijaza josho. Ng'ombe mia nne na kumi waliogelea, nami nilisimama pale nikipiga kelele kama kijana, bibi yako akasema nimerukwa na akili. Tangu siku hiyo tumepoteza ndama mmoja tu, na huyo aliliwa na fisi.

Sasa kikao. Kimekaa jana. Chenge akasimama na suti yake, akasema ni aibu kwa ukoo, binti aliyefika darasa la saba kuogesha mbwa wa watu, arudi kwenye mzani. Watu wakanitazama. Wengi walikuwa wanajua uko ofisi ya mifugo, kwa sababu ndivyo nilivyowafanya waamini. Nilidhani nakulinda. Nilikuwa najilinda mimi.

Nikasimama. Nikasema, "Odeta anaosha mbwa. Anawachana, anawakata kucha, na ninyi nilikuwa nawaficha. Bei aliyoipanga kwa vidole vyake ndiyo iliyojaza josho lenu. Mwenye ndama hai zizini leo na amwonee aibu, nimsikie." Kisha nikawasomea barua yako, ile ya changarawe. Bibi yako alipiga kigelegele kabla sijafika mwisho.

Unajua walifanya nini? Waligeuka wote! Shimba, aliyealikwa kama jirani, akasema mtoto mwenye akili hivi wa nini kumwacha mjini, arudi ashike josho. Chenge naye akasema kumbe ndiyo sababu alimtaka kwenye mzani tangu mwanzo, na sasa akataja mshahara, tena mzuri. Kikao kizima kikaanza kukugombania. Nikawaacha waseme mpaka wakachoka, kisha nikasema neno langu kama mlezi, na katibu akaliandika kwenye daftari la ukoo.

Nimewaambia: alipokuwa anayumba mlimwita kwa aibu, amesimama mnamwita kwa mshahara. Mimi simwiti.

Odeta, kutusalimia njoo, bibi amekuwekea karanga. Lakini kuishi huku, usirudi.

Babu yako,
Ndalahwa, bwana josho wa Busisi